Saa Nne Angani, na Kizuizi cha Kavimvira

Sijawahi kupanda ndege, lakini nina ugomvi nayo wa zamani. Namshukuru Mungu kwa yote, kama nilivyofundishwa tangu utoto, na shukrani hiyo imenisaidia kubeba mengi. Hili moja kila nikilibeba linaniteleza.

Wajukuu wangu wakisema mbele yangu kwamba kutoka Kinshasa mpaka Bujumbura ni saa mbili na kitu kwa ndege, mimi nanyamaza. Wanadhani masikio yangu yamechoka. Nasikia vizuri sana. Nauma ulimi tu, kwa sababu nikifungua kinywa nitawauliza: saa mbili na kitu mpaka wapi? Mpaka kwenye saruji ya uwanja, au mpaka mlangoni mwa mtu anayekungoja?

Enzi ninayoikumbuka, ndege zilikuwa za mapangaboi, zenye kelele kama mashine ya kusaga, na safari hiyo ilichukua saa nne. Uhuru ulikuwa umekwisha kuingia kwetu, na kwa jirani zetu wa Burundi pia. Kinshasa ilikuwa bado inaitwa Leopoldville, nasi tuliita Leo tu. Bujumbura ilikuwa imepata jina hilo juzijuzi, na wazee walikuwa bado wakisema Usumbura. Mimi nilikuwa msichana wa Mulongwe, mtaa wa Uvira ng'ambo ya Bujumbura, mwalimu wa shule ya Jumapili, na nilikuwa nimechumbiwa na kijana muuguzi wa hospitali ya Lemera, huko milimani juu ya tambarare ya Ruzizi.

Mahari ilikuwa imekwisha kupelekwa. Kilichobaki kilikuwa ng'ombe mmoja, ng'ombe wa mjomba. Kwetu binti hatoki nyumbani kabla kaka wa mama yake hajashika kamba ya ng'ombe huyo kwa mkono wake, akachovya vidole katika maji, akamlowesha binti kwenye paji la uso na kwenye miguu, na kumwambia aende. Baba anaweza kukubali, mchungaji anaweza kukubali, lakini mjomba asipolowesha miguu, miguu haiondoki. Mama alikuwa na kaka mmoja tu, mdogo wake, na huyo alikuwa karani katika ofisi moja huko Leo.

Akatuma telegramu kwamba anakuja na ndege ya Jumamosi. Baba alifurahi, kisha akaingiwa na mashaka. Alikuwa mtu wa milimani, mkulima na shemasi wa kanisa, na umbali aliupima kwa malalo: mara ngapi mtu amelala njiani. Mchumba wangu alipokuja kuamkia, Baba alimkalisha akamhoji.

"Anatoka Leo siku gani?"

"Jumamosi asubuhi, Baba."

"Na analala wapi?"

"Halali, Baba. Saa sita ya muchana iko pale Bujumbura."

"Muntu anatoka kule jua linapozamia, asilale hata mara moja?"

"Ni zaidi ya kilomita elfu moja na mia tano, Baba, lakini ni saa nne tu. Anaondoka saa moja asubuhi, anafika saa sita."

Baba alihesabu kwa vidole, akafika kwenye kidole kimoja kisichokuwa na kazi. "Saa moja na saa nne ni saa tano. Hii ya sita inatoka wapi?"

"Saa ya Leo iko nyuma ya yetu, Baba. Huku jua linatangulia."

"Kwa hiyo wanamuibia saa moja njiani."

"Akirudi wanamurudishia."

"Weye!" Baba alicheka. "Mwizi wa namna gani anayerudisha?"

Mama hakucheka. Aliuliza jambo moja tu: "Na kutoka Bujumbura mpaka hapa?" Sote tulimwangalia kama mtu anayeuliza njia ya kwenda kisimani. Kutoka Bujumbura! Usiku tuliona taa zake ng'ambo ya ziwa tukiwa tumekaa barazani. Kabla ya uhuru watu walikwenda asubuhi kuuza, jioni wakarudi kula kwao, na hakuna aliyewauliza jina. Lori liliimaliza njia hiyo kabla abiria hajamaliza kula hindi lake. Mchumba wangu alimwambia kwa upole, "Mama, hiyo si safari."

Mimi ndiye niliyekuwa na haraka, na sioni haya kuisema. Siku zile uasi ulikuwa umeanza kusikika katika tambarare. Watu wa upande wa Makobola walikuwa wakipita mbele ya nyumba yetu na magodoro kichwani, wakielekea wasikokujua. Hospitali ilikuwa imempa mchumba wangu ruhusa mpaka Jumatatu, na kila aliyetoka tambarare alisema barabara inaweza kufungwa wakati wowote. Akipanda Lemera peke yake, hakuna aliyejua kama angeshuka tena. Nami nilijua wasichana wawili ambao wachumba wao walikuwa wamepanda milimani wakawa habari za kuulizia.

Jumamosi asubuhi wazee wa upande wake walikuwa wamekwisha kufika, wamemswaga ng'ombe kwa miguu kupitia tambarare. Ng'ombe alifungwa kwenye mpapai, akala sombe yote ya jirani, majani ya muhogo. Msemaji wao alikuwa baba mdogo wa mchumba wangu, mzee mrefu mwenye ulimi mtamu, ambaye hakuweza kukaa kimya hata wakati wa kuombea chakula.

Hapa lazima nieleze namna ya kupika kwetu. Watu wa milimani hawamngojei mgeni na chakula tayari, wala hawamwachi angoje chakula. Bugali la baridi ni tusi, na sufuria ambayo haijachemka mgeni akiwa ameketi ni tusi pia. Kule juu njia huonekana kutoka mbali kwenye mteremko wa pili. Mgeni anapojitokeza, mwanamke anatia maji motoni. Anapovuka kijito, anatia unga. Anapopiga hodi, bugali linatoka moshi. Mama alikuwa ameishi Mulongwe miaka mingi, lakini kwa mgeni wa heshima alipika hivyohivyo: kwanza umwone.

Saa sita tuliisikia. Ilitokea juu ya milima nyuma ya Uvira, ikapita juu ya paa letu, ikazunguka juu ya ziwa iking'aa, ikaanza kushuka polepole kuelekea Bujumbura. Watoto wa mtaa mzima walipiga kelele. Mama alisimama uani, mkono juu ya macho.

"Ni yeye! Nimemuona!" alisema. Kisha kwa sauti ya amri: "Maji kwenye moto!"

Nani angembishia? Alikuwa ameonekana. Shangazi alitia maji. Ndege ilipozama nyuma ya mstari wa miti ya ng'ambo, Mama alisema "Amevuka," na unga ukatiwa. Samaki wa mikeke walikuwa wamekaangwa, mbuzi alikuwa mchuzini, sombe imeiva. Bugali liliepuliwa likiwa kubwa kama kichwa cha ndama, likafunikwa. Wazee walinawa mikono.

Tukakaa.

Msemaji wa wakwe alizungumza juu ya mvua, akazungumza juu ya ng'ombe, akazungumza juu ya ndege ya kwanza aliyoiona maishani. Bugali likapoa. Mama akaagiza jingine. Likapoa na hilo. Wakati jua linainamia milima, msemaji alilitazama bugali la tatu, akasema kwa utamu wake wote, "Mama mukwe, huyu mujomba wetu anaruka kama kunguru na anatembea kama kinyonga."

Watu walicheka. Mama alicheka kwa meno tu. Nilikuwa ndani, nyuma ya pazia, nimepakwa mafuta na kuvikwa kitenge kipya, na hasira ilinipanda. Nilijaribu kusali. Kila nikisema "Baba yetu uliye mbinguni" nilikumbuka ndege.

Habari zililetwa na jirani yetu, mchuuzi wa ndagala, dagaa wa ziwa letu, aliyevuka mpaka karibu kila siku na baiskeli yake. Wanajeshi wa pande zote mbili walimwachia apite kwa sababu wote walikula ndagala zake. Aliingia uani akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Bazee, nimemuona mujomba wenu," alisema. "Iko Gatumba, ng'ambo ya mpaka. Iko anakaa juu ya valizi yake ya nguo."

"Anakaa anangoja nini?" Baba aliuliza.

"Kizuizi kimefungwa. Hapa kwetu Kavimvira wanaogopa bantu wa Mulele, bale baasi, wanaotoka kule. Kule wanaogopa wanaotoka hapa. Na yeye hana karatasi."

"Karatasi gani? Ni mutoto wa hapa!"

"Amebaambia hivyo, Baba. Amesema, minye sikuja kwenu, minye niko naenda kwetu. Bamemuambia, kwenu ni kule. Amesema, basi muniache niende kule. Bamemuambia, hapana, ili utoke hapa lazima kwanza uwe umeingia. Na kuingia haujaingia, kwa sababu hauna karatasi."

Baba alirudia polepole, kama mtu anayejifunza katekisimu: "Hawezi kutoka kwa sababu hajaingia."

"Ndiyo hivyo, Baba."

"Na ng'ambo hiyo amesimama kwa miguu yake miwili."

"Anakaa, Baba. Juu ya valizi."

Jumapili tulikwenda kanisani, na badala ya kufungwa ndoa yangu, mchungaji aliombea wasafiri. Nilisema amina kwa sauti ndogo. Baada ya ibada mchungaji alikuja nyumbani kututafutia njia. Alikuwa mtu mwema.

"Mama," alimwambia mama yangu, "mbele za Mungu hawa wawili hawazuiliwi na kitu. Tuwafungishe ndoa leo. Mujomba atapewa ng'ombe wake siku yoyote."

"Mchungaji," Mama alijibu, "mabinti wako watatu walitoka nyumbani bila mjomba?"

Mchungaji alitazama kofia yake.

Mchuuzi alikuwa amerudi mpakani asubuhi, na jioni alituletea ujumbe wa mjomba mwenyewe, neno kwa neno, akiigiza hata namna mjomba alivyofuta jasho. "Amesema hivi: Muambie dada yangu wasimutoe mutoto mpaka nifike. Nimeruka Kongo nzima. Wanashindwa kuningoja hapa tu? Wakimutoa bila minye, hiyo ng'ombe sitaishika hata wakiileta Leo."

"Amesema atafika lini?" niliuliza kutoka nyuma ya pazia. Haikuwa adabu bibi harusi kusema mbele ya wakwe, lakini niliuliza.

Mchuuzi alishusha sauti. "Dada, bale maofisa bamesema kesho banamurudisha na ndege ileile."

Sikuwahi kumkasirikia mtu kama nilivyomkasirikia mjomba wangu usiku ule, na hakuwa na kosa. Nilimkasirikia kwa kuwa karibu. Angebaki Leo, Mama angelia kidogo, wazee wangekaa, na shauri jingine lingepatikana. Lakini alikuwa pale, kwenye taa zile, akiwa ameshika haki yake mkononi, wala haimfai kitu wala haitufai sisi. Kilomita elfu moja na mia tano zilikuwa zimemletea chai kwenye kiti cha ndege. Zile thelathini za mwisho zilimfanya mgeni. Nimesoma Biblia maisha yangu yote, na najua kwamba Musa naye alionyeshwa nchi kwa macho asiruhusiwe kuvuka. Lakini Musa alikuwa ameambiwa sababu.

Jumatatu alfajiri mchumba wangu alikuja kumuaga Baba. Alikuwa amefunga mzigo wake. Hakulalamika, na hilo lilinichoma zaidi. Wazee wake walikuwa wamekwisha kumfungua ng'ombe.

"Hatumunyang'anyi mutu," msemaji alisema, utamu wote umemtoka. "Lakini njia ya tambarare tunaambiwa leo iko wazi, kesho Mungu anajua. Huyu kijana ana wagonjwa. Ng'ombe atabaki njiani au kwetu. Ninyi mutatuita."

"Mutaitwa," Baba alisema, na sote tulijua kwamba neno hilo halikuwa na siku ndani yake.

Nilitoka nyuma ya pazia. Nilisimama mlangoni, mbele ya wakwe zangu, na kusema, "Mama, minye naenda." Sikupanga kusema hivyo. Shangazi alinishika mkono kunivuta ndani, nikautoa mkono wangu.

Mama hakunigombeza. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyelitegemea, na hakumwuliza mtu mmoja, aliwauliza wote waliokuwa uani.

"Huyu ndugu yangu alilelewa na nani?"

Akajijibu mwenyewe.

"Mama yetu alikuwa shambani. Aliyembeba mgongoni ni minye. Aliyemtafunia chakula ni minye. Amejifunza kutembea ameshika kidole hiki." Alikiinua. "Yeye ndiye mkono wangu, si minye niliye mkono wake. Leteni kamba."

"Mama mukwe," msemaji alisema, "hii haijaonekana. Mwanamke kushika ng'ombe wa mjomba?"

"Na mwanaume kuzuiwa kutoka kwa sababu hajaingia, hiyo umeiona wapi?"

Mzee alimtazama Baba. Baba alikuwa mtu wa desturi kuliko wote pale, na nilidhani atakataa. Alikohoa. "Miye ni wa ukoo mwingine," alisema. "Mambo ya ukoo wake anayajua yeye." Baadaye nilielewa kwamba hilo ndilo jambo kubwa zaidi alilowahi kunifanyia.

Kamba ikaletwa. Mama alivaa koti la Baba, kwa sababu mjomba hashiki ng'ombe akiwa na kitenge peke yake, akaipokea kamba na kuizungusha mkononi mara mbili kama mwanaume. Maji yakaletwa katika bakuli. Akanilowesha paji la uso. Akainama, akanilowesha miguu, na mikono yake ilikuwa baridi. "Nenda ukakae," alisema. "Nenda ukazae. Usirudi na aibu."

Mchungaji alitolewa shambani, akatufungisha ndoa akiwa na tope kwenye viatu, mbele ya watu wachache na ng'ombe mmoja. Tulikuwa bado tukisema amina ndege ilipopaa kutoka ng'ambo. Ilipita juu ya ziwa, ikapita juu yetu, ikaelekea magharibi na mjomba wangu ndani yake. Mama hakuinua kichwa. Wengine wote tuliinua.

Sasa nafika mahali ambapo shukrani yangu huteleza. Kwetu binti anapoondoka, mjomba husimama mlangoni, ameshika kamba, uso mkavu. Akilia, anamfungia njia. Anayelia ni mama. Mama hukaa nyuma ya nyumba na wanawake wenzake, analia kwa sauti, anataja kila alichomfanyia binti tangu kuzaliwa, na binti huenda akiisikia sauti hiyo mpaka anapopinda njia. Ni mzigo wake wa mwisho kutoka nyumbani. Nilikuwa nimewasikia mama wa wenzangu wote. Nilikuwa nikiungoja mzigo wangu.

Mama alisimama mlangoni na koti la Baba na kamba mkononi. Nyuma ya nyumba hapakuwa na mtu. Shangazi alijaribu kidogo, lakini si kazi ya shangazi, na sauti yake ikaishia njiani. Nilipiga hatua, nikageuka. Mama alinitazama usoni, mdomo umebanwa, macho makavu kabisa. Alikuwa mjomba. Hakuweza kuwa wote wawili.

Niligeuka tena kwenye pinda la njia. Alikuwa bado amesimama vilevile.

Barabara ilifungwa siku chache baada ya sisi kupita. Mume wangu nami tulikaa Lemera wakati wote wa uasi, Mungu akatulinda, na watoto wetu wawili wa kwanza walizaliwa huko. Tuliposhuka tena Uvira, Mama alikuwa hai, na niliishi naye miaka mingi ya amani. Mjomba alikuja mara nyingi, akala, akamtania Mama kwamba alimnyang'anya ng'ombe, na Mama akamjibu kwamba alimla zamani.

Mara moja tu nilimwuliza Mama kama siku ile baada ya sisi kuondoka alikwenda nyuma ya nyumba. Alikuwa akichambua maharagwe. Alisema, "Ng'ombe alikuwa na kiu. Nilimpeleka mtoni." Watu husema ndege ni saa mbili na kitu, na zamani zilikuwa nne. Mimi nahesabu kutoka mlangoni petu mpaka kwenye lile pinda la njia, na njia hiyo niliitembea katika kimya.